Uso Umejaa, Miguu Imelegea: Somo kwa Wanaotumia Dawa za Steroidi kwa Muda Mrefu

Wagonjwa wanaomeza vidonge vya steroidi kwa miezi mingi hukumbwa na hali inayowachanganya wao na jamaa zao. Uso hujaa na mashavu hunona, hata majirani wakasema dawa imemkubali. Wakati huohuo mapaja hukonda, na mtu huyohuyo anayeonekana mnono hushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushikilia kitu. Nyumbani huanza kuitwa mvivu. Yeye mwenyewe huilaumu dawa, na siku moja huamua kuiacha bila kumwambia mtu.

Uamuzi huo wa kuacha dawa ghafla ni hatari kuliko udhaifu wenyewe, na unaweza kuua. Somo la toleo hili linaeleza kwa nini misuli hulegea, jinsi ya kutofautisha udhaifu unaoletwa na dawa na maumivu yenye chanzo kingine, na mambo ambayo mgonjwa na familia yake wanaweza kufanya nyumbani huku matibabu yakiendelea. Maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayemjua mgonjwa.

Steroidi ni dawa gani?

Steroidi zinazozungumziwa hapa ni dawa zinazofanana na kortisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo za adrenali zilizo juu ya figo. Zisichanganywe na zile ambazo baadhi ya wanamichezo hutumia kutunisha misuli. Hizo ni za aina nyingine na kazi yake ni tofauti kabisa. Inayotumiwa sana kwa matibabu ya muda mrefu ni prednisoloni, ambayo mara nyingi huja kwa vidonge vya miligramu 5 na kwenye pakiti huandikwa Prednisolone. Nyingine ni deksamethasoni, haidrokotisoni na methiliprednisoloni.

Dawa hizi hutuliza uvimbe na kupunguza makali ya kinga ya mwili pale inapoushambulia mwili wenyewe. Hupewa wagonjwa wa pumu kali, lupasi, baridi yabisi inayoharibu viungo, ugonjwa wa figo unaovujisha protini hasa kwa watoto, magonjwa ya ngozi yenye malengelenge, uvimbe wa mishipa ya fahamu kwa wagonjwa wa ukoma, na waliopandikizwa figo.

Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo, jimbo la Minnesota nchini Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache aliweza kutembea. Mwaka 1950, Hench pamoja na wanakemia Edward Kendall na Tadeus Reichstein walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Haukupita muda mrefu kabla ya madaktari kugundua kwamba dawa hiyohiyo, ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, ina gharama yake mwilini. Misuli ni mojawapo ya sehemu zinazolipa gharama hiyo.

Kwa nini misuli hulegea

Misuli imejengwa kwa protini. Kila siku mwili huvunja sehemu ya protini hiyo na kujenga nyingine mahali pake. Steroidi zikizidi kiasi ambacho mwili umezoea, uvunjaji huongezeka na ujenzi hupungua. Polepole misuli hupoteza unene na nguvu.

Nyuzi za misuli zinazofanya kazi ya nguvu ya ghafla, kama kuinuka au kunyanyua mzigo, huathirika zaidi kuliko zile za kazi ya polepole. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kutembea vizuri kwenye barabara tambarare lakini akashindwa kupanda ngazi ya matatu. Misuli ya nyonga na mapaja hutangulia, kisha ya mabega na mikono ya juu. Nguvu za vidole na nyayo kwa kawaida hubaki.

Dalili huonekana katika kazi za kila siku:

- Kushindwa kuinuka baada ya kuchutama kwenye choo cha shimo.
- Kuhitaji kushikwa mkono ili kuinuka kwenye mkeka, au baada ya kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi.
- Kujivuta kwa mikono ili kupanda matatu au bodaboda.
- Mikono kuchoka haraka wakati wa kuanika nguo kwenye kamba au kusuka nywele.
- Kushindwa kujitwika mtungi wa maji ambao zamani haukuwa mzigo.

Hali hii huja kidogo kidogo, kwa wiki au miezi. Ni nadra kwa mtu anayetumia chini ya miligramu 10 za prednisoloni kwa siku. Uwezekano huongezeka kadiri kipimo kinavyopanda, na kwa wanaomeza miligramu 40 au zaidi kila siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 5, udhaifu unaweza kuanza baada ya wiki chache tu. Deksamethasoni huathiri misuli kuliko prednisoloni. Wazee, wasiopata chakula cha kutosha, wagonjwa wa saratani na wanaolala kitandani muda mrefu wako katika hatari zaidi.

Dawa ya kuvuta kwa pumu na krimu ya ngozi iliyoandikwa na daktari haziathiri misuli kwa kiasi hicho kwa watumiaji wengi. Lakini krimu kali za kujichubua zenye steroidi, zikipakwa mwili mzima kwa miezi mingi, hupenya hadi kwenye damu. Anayezitumia anapaswa kumwambia daktari, hata kama anaona aibu.

Udhaifu ni jambo moja, maumivu ni jingine

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Udhaifu wa misuli unaoletwa na steroidi kwa kawaida hauumi. Mgonjwa hulemewa, lakini akibonyeza paja hasikii uchungu mkubwa. Maumivu makali yakiwapo, kuna uwezekano kwamba chanzo kingine kimejitokeza, na chanzo hicho kina tiba yake. Kusema tu "ni dawa" kunaweza kuficha jambo linalohitaji kushughulikiwa haraka.

Vyanzo ambavyo madaktari huvitafuta ni hivi:

- Ugonjwa wa awali kurudi. Baridi yabisi, lupasi au uvimbe wa misuli wenyewe unaweza kuamka, hasa kipimo cha dawa kinapopunguzwa. Viungo huuma na kukakamaa asubuhi kwa muda mrefu.
- Mwili kuzoea kipimo kidogo. Dawa inapopunguzwa, baadhi ya wagonjwa husikia uchovu na maumivu ya misuli na viungo kwa siku kadhaa au wiki, ingawa ugonjwa haujarudi. Daktari ndiye wa kutofautisha hali hizi mbili.
- Upungufu wa potasiamu. Steroidi huweza kushusha madini haya katika damu, na zaidi mgonjwa akitumia pia dawa za kukojoza au akiharisha. Misuli hubanwa ghafla, hulegea, na moyo unaweza kwenda mbio au kuruka mapigo.
- Sukari kupanda. Steroidi hupandisha sukari hata kwa mtu ambaye hakuwa na kisukari. Mgonjwa huchoka, husikia kiu na kukojoa mara kwa mara.
- Mifupa kudhoofika. Maumivu ya ghafla ya mgongo baada ya kuinama au kuinua kitu kidogo yanaweza kuwa pingili ya uti wa mgongo iliyovunjika.
- Mfupa wa nyonga kukosa damu. Maumivu ya kinena yanayozidi mtu anapotembea au kukanyagia mguu huo ni onyo. Wagonjwa wa selimundu na lupasi wamo katika hatari zaidi.
- Upungufu wa vitamini D, matatizo ya tezi ya shingo, au dawa nyingine kama zile za kupunguza mafuta kwenye damu.

Kipimo cha nyumbani: kiti na saa

Mgonjwa anaweza kufuatilia nguvu zake kwa kiti kimoja. Kiti kiwe imara, kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani, na mtu mwingine awe karibu. Mgonjwa hukaa, hukunja mikono kifuani, kisha husimama na kukaa mara 5 mfululizo huku mwenzake akiangalia saa. Akichukua zaidi ya sekunde 15, au akishindwa kabisa bila kutumia mikono, ni ishara kwamba misuli ya miguu imepungua nguvu.

Jambo la maana ni mwelekeo. Kipimo kirudiwe mara moja kwa wiki, siku ileile na saa ileile, na matokeo yaandikwe kwenye daftari pamoja na kipimo cha dawa cha wiki hiyo. Mgonjwa akifika kliniki na ukurasa unaosema "sekunde 12, 14, 17, 21", daktari huona kwa haraka kile ambacho maneno "nimechoka" hayawezi kueleza.

Mfano wa kujifunzia

Chukua mfano wa mama wa miaka 48 mwenye lupasi, anayetumia miligramu 40 za prednisoloni kwa mwezi wa tatu. Viungo vilivyokuwa vikimwuma vimetulia. Lakini sasa hawezi kuinuka chooni bila kushika mlango, na ameacha kuchota maji. Mume wake anaona uso uliojaa na kudhani amepona ila anadeka. Jirani anamshauri aache vidonge na kunywa dawa ya unga inayouzwa sokoni.

Akifuata ushauri huo, hatari ni mbili. Ya kwanza, mwili wake unaweza kukosa kabisa homoni ya kortisoli. Ya pili, unga huo unaweza kuwa na steroidi ndani yake bila yeye kujua. Katika nchi mbalimbali, dawa zinazouzwa kama za mitishamba za kutibu maumivu ya viungo zimewahi kupimwa na kukutwa zimechanganywa na deksamethasoni au prednisoloni. Unafuu wake huja haraka, na madhara yake huja bila mtu kujua yanatoka wapi.

Akirudi kliniki na daftari lake, mambo huwa mengine. Daktari anaweza kupima potasiamu, sukari na kimeng'enya cha misuli kwenye damu. Katika udhaifu wa steroidi, kimeng'enya hicho kwa kawaida hakipandi. Kikiwa juu sana, daktari hushuku kwamba misuli yenyewe imevimba. Lupasi ikiwa imetulia, anaweza kuanza kupunguza kipimo kwa ngazi, au kuongeza dawa nyingine inayotuliza kinga ili steroidi ipungue. Anaweza pia kumtuma kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Nguvu huanza kurudi baada ya wiki kadhaa kipimo kikishapungua, ingawa kurejea kikamilifu huchukua miezi.

Kwa nini dawa haiachwi ghafla

Tezi za adrenali hutengeneza kila siku kortisoli inayolingana na takriban miligramu 5 za prednisoloni. Mtu anapomeza kiasi kikubwa kuliko hicho kila siku, ubongo huona homoni iko tele na kuacha kuziamuru tezi zifanye kazi. Baada ya wiki 3 au 4 tezi huwa zimelala, na kuamka kwake kunaweza kuchukua miezi.

Dawa ikikatwa ghafla wakati tezi zimelala, mwili hubaki bila kortisoli. Mgonjwa hulegea kupita kiasi, hutapika, huumwa na tumbo, husikia kizunguzungu akisimama, shinikizo la damu hushuka, huchanganyikiwa na anaweza kuzimia. Hii ni dharura. Bila kudungwa haidrokotisoni na kuongezewa maji hospitalini, mgonjwa anaweza kufariki.

Kwa sababu hiyo, kuna kanuni ambazo kila nyumba yenye mgonjwa wa steroidi inapaswa kuzijua:

1. Kipimo kinapunguzwa na daktari peke yake, kwa ngazi.
2. Vidonge vya wiki ijayo vinunuliwe au vichukuliwe kabla vya sasa havijaisha. Safari ya mazishi, harusi au ya kwenda kuvuna isimkute mgonjwa bila dawa.
3. Mgonjwa akitapika vidonge, akiharisha sana, akipata homa kali au akipangiwa upasuaji, huenda akahitaji dawa zaidi, wala si kidogo. Aende hospitali siku hiyohiyo na aseme mapema kwamba anatumia steroidi.
4. Awe na kikaratasi kwenye pochi au nyuma ya simu kinachotaja jina la dawa, kipimo na tarehe aliyoanza. Akizimia, kikaratasi hicho kitasema kwa niaba yake.
5. Anayetaka kufunga Ramadhani au kufunga kwa maombi aongee na daktari kabla ya siku hizo kuanza, ili saa za kumeza dawa zipangwe.

Vidonge vya mara moja kwa siku kwa kawaida humezwa asubuhi pamoja na chakula. Mwili hutoa kortisoli nyingi zaidi asubuhi, kwa hiyo dawa ya asubuhi hufuata mwendo huo na haimnyimi mgonjwa usingizi kama ya jioni.

Mazoezi: dozi ndogo, kila mara

Mtu aliyelegea hutaka kulala. Lakini misuli isiyotumika hukonda haraka zaidi, na kitanda huongezea madhara ya dawa. Mazoezi mepesi ya kujenga nguvu, yakifanywa siku 2 au 3 kwa wiki na siku ya kupumzika katikati, husaidia kulinda misuli iliyobaki. Mgonjwa mwenye maumivu ya nyonga au mgongo, ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kuvunjika mfupa aonwe kwanza na mtaalamu.

Ratiba ya kuanzia inaweza kuwa hii:

- Kukaa na kusimama. Mara 5 kutoka kwenye kiti, pumziko la dakika moja au mbili, kisha mara 5 tena. Asiyeweza aanze kwa kujisukuma kwa mikono, au aweke mto ili kiti kiwe juu zaidi.
- Kusukuma ukuta. Mikono ukutani usawa wa kifua, kukunja viwiko polepole na kujirudisha, mara 5 hadi 10.
- Kunyoosha goti. Mgonjwa akiwa amekaa, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi 5, aushushe. Kila mguu mara 8.
- Kuinua visigino. Akiwa ameshikilia meza au mwimo wa mlango, asimame kwa vidole na kushuka, mara 8.
- Kutembea. Dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni kabla ya jua kuwa kali, akiongeza dakika chache kila wiki hadi afikie 30 kwa siku.

Kasi inayofaa ni ile inayomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba. Misuli kuuma kidogo kesho yake ni kawaida. Maumivu yakipita siku mbili, mazoezi yalikuwa mengi na yapunguzwe. Siku ya homa, mgonjwa apumzike.

Chakula kinachojenga bila kupandisha sukari

Misuli haijengwi kwa ugali na chai peke yake. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa figo, gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku ni lengo zuri. Mwenye kilo 60 huhitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe kikubwa cha maziwa gramu 8, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Samaki, dagaa, kuku, kunde, ndengu, pojo na njugu hukamilisha hesabu. Protini igawanywe katika milo yote ya siku, kuanzia kifungua kinywa.

Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mboga za majani huleta kalisi kwa ajili ya mifupa. Ndizi, viazi, parachichi, maharagwe na maji ya dafu huleta potasiamu. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini wala vyakula vya potasiamu kabla ya kuuliza, kwa sababu kwake vinaweza kudhuru. Vidonge vya kalisi na vitamini D hutolewa na daktari kulingana na hali ya mgonjwa.

Steroidi huleta njaa kali, na njaa hiyo mara nyingi huishia kwenye mandazi, soda na chipsi. Vyakula hivyo huongeza unene wa tumbo na sukari ya damu bila kujenga misuli. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa jumla, ikiwemo iliyo ndani ya samaki wa chumvi na viungo vya pakiti, kwa kuwa steroidi hufanya mwili ushike maji na kupandisha shinikizo.

Dawa za maumivu na dawa nyingine

Mgonjwa anayeumwa hukimbilia duka la dawa na kuomba diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizi zikimezwa pamoja na steroidi huongeza sana uwezekano wa vidonda vya tumbo na kutokwa na damu ndani. Parasetamoli ni salama zaidi kwa wengi, ikitumiwa kwa kipimo na bila kupita gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Kinyesi cheusi kama lami ni dalili ya damu tumboni, na ni dharura.

Daktari pia aambiwe kuhusu dawa nyingine zote. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu na ukoma, hupunguza nguvu ya prednisoloni mwilini. Baadhi ya dawa za VVU, hasa zenye ritonaviri, huweza kupandisha kiwango cha steroidi. Kunyamaza kuhusu dawa mojawapo kunaweza kufanya nyingine izidi au ipungue kuliko ilivyokusudiwa.

Kazi ya familia

Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20. Kwa mgonjwa mwenye misuli iliyolegea na mifupa dhaifu, kuuinua kwa kuinama kunaweza kuvunja pingili ya mgongo. Familia impe kibuyu au mtungi wa lita 5, au ichukue kazi hiyo kabisa na kumwachia nyingine anazoziweza. Kumfanyia kila kitu nako humdhoofisha. Aendelee kufagia, kuchambua mboga, kulisha kuku na kutembea hadi kwa jirani.

Marekebisho machache ya nyumba huzuia kuanguka: kipande cha mbao au bomba la kushikilia kilichofungwa imara ukutani chooni, kiti chenye tundu juu ya choo cha shimo, taa au tochi karibu na kitanda, na sakafu isiyo na ndala na kamba zilizotapakaa. Asiyeweza kusujudu na kuinuka asali akiwa amekaa kitini.

Zaidi ya yote, familia ielewe kwamba uso uliojaa si ushahidi wa nguvu. Mafuta yamehamia usoni na tumboni huku misuli ya miguu ikipungua. Mtu anayesema hawezi kuinuka apewe mkono kwanza.

Dalili za kwenda hospitali bila kungoja kliniki

- Kutapika mfululizo, kuzimia au kuchanganyikiwa.
- Kupumua kwa shida, au chakula kukwama na kumpalia wakati wa kumeza.
- Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, au miguu kufa ganzi pamoja na kushindwa kuzuia mkojo.
- Maumivu ya ghafla ya mgongo, au ya kinena yanayozuia kutembea.
- Homa, hata ndogo. Steroidi huficha dalili za maambukizi, na homa ndogo inaweza kuwa ugonjwa mkubwa.
- Mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea pamoja na misuli kuuma.
- Moyo kuruka mapigo huku misuli ikilegea.

Mahali pa kuanzia

Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji ana mashine za kupima shinikizo na sukari. Anayetumia steroidi amjulishe ili apimwe nyumbani mara kwa mara na kuelekezwa zahanati inapohitajika. Vipimo vya damu, picha za eksirei na tiba ya viungo hupatikana katika hospitali kubwa, ambako zahanati au kituo cha afya kitamtuma mgonjwa kwa barua ya rufaa. Ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, anaweza kufanya hivyo kwa simu kupitia *147#, au kuomba usaidizi wa mhudumu wa afya ya jamii. Siku ya kliniki mgonjwa abebe vidonge vyote anavyotumia, vikiwemo vya mitishamba, pamoja na daftari la kipimo cha kiti.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa anayetumia prednisoloni miligramu 30 kwa miezi miwili amelegea mapaja lakini haumwi. Aache dawa? *Hapana. Arudi kliniki akiwa na rekodi ya nguvu zake. Kipimo kitapunguzwa kwa ngazi ikiwa ugonjwa unaruhusu.*
2. Mwingine ana maumivu ya kinena kila akikanyaga. Je, afanye mazoezi ya kukaa na kusimama? *Asifanye. Aonwe kwanza, kwa kuwa mfupa wa nyonga unaweza kuwa umeathirika.*
3. Mgonjwa ametapika vidonge vya asubuhi na ana homa. Angoje hadi kesho? *Hapana. Aende hospitali leo na aseme anatumia steroidi.*
4. Ni chakula gani cha asubuhi kinachofaa zaidi, mandazi na chai ya sukari au yai na maharagwe? *Yai na maharagwe, kwa asiye na ugonjwa wa figo.*
5. Kwa nini dawa ya unga isiyo na jina ni hatari kwa mgonjwa huyu? *Inaweza kuwa na steroidi ndani, na hakuna anayejua ni kiasi gani.*

Msomaji aliyejibu yote matano anaweza kumsomea mwenzake ukurasa huu, hasa mwenye mgonjwa nyumbani ambaye siku hizi haonekani tena barazani.